Kuingia Hakuna Masharti

Iko nchi moja iitwayo Karibuni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haipo, na asije mtu akadai nimemsema. Ni nchi tulivu, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ina Kiongozi Mpendwa ambaye wananchi wanampenda kwa kiwango kilekile walichoagizwa. Raia wana kompyuta zao majumbani na madukani kama watu wa kwingine. Serikali ina moja.

Zamani ilikuwa nazo nyingi. Ikaja kugundulika kwamba kompyuta nyingi zikiulizwa swali moja hutoa majibu mengi, na hilo lingeweza kuwachanganya wakubwa. Basi zikastaafishwa kwa heshima zote, ikabaki Kompyuta ya Taifa peke yake, ikawekwa ghorofa ya kwanza ya Jumba la Vibali na kufunikwa kitambaa.

Jumba lenyewe ni la kuhudumia watu. Mwenye cheti kilichokosewa jina anakwenda pale, mwenye kutaka leseni ya duka anakwenda pale, na mlangoni haulizwi kitu. Kutoka ndiko kunakohitaji kibali, kilichochapwa na Kompyuta ya Taifa na kugongwa muhuri wa Mkurugenzi. Gazeti la serikali lilieleza vizuri sana shabaha ya utaratibu huu: kuhakikisha hakuna mwananchi anayeondoka kabla ya kuhudumiwa. Mimi sioni ubaya wake. Asiyeamini na aulize watu mia sita na kumi na mmoja waliokuwamo humo wakisubiri, wiki ambayo Fundi Machano aliitwa.

Machano Shaali alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya soko la samaki, na sifa zake zilifika mbali. Mtu akimletea mashine nzito, ile ya kufungua barua moja mpaka chai ipoe, yeye aliifungua, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akazizima programu zinazojiwasha bila kuitwa, akafuta makorokoro ya miaka, na mwenyewe akija kuichukua alibisha kwamba hiyo siyo yake. Ndiye aliyeandikiwa barua: "Unaalikwa, kwa heshima na taadhima, na bila kukosa, kuisafisha Kompyuta ya Taifa ili iongeze kasi."

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo, baada ya swala, ndiyo ilikuwa ndoa ya binti yake, Mwanakheri. Mama yake Mwanakheri alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Machano alimlea peke yake, akajifunza kusuka nywele kwa kuangalia, na nywele zenyewe zilikwenda upande mpaka mtoto alipojua kujisuka mwenyewe. Hakuwa na mwingine. Mkono wa kumwozesha ulikuwa wake, na alikuwa ameungoja wajibu huo kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Asubuhi hiyo Mwanakheri alikuwa amepiga pasi kanzu ya baba yake, ameitundika nyuma ya mlango.

"Baba, usije ukachelewa kama kawaida yako."

"Ndoa Ijumaa, mwanangu, leo Jumatatu! Nakwenda kufuta vumbi tu. Saa sita niko hapa, nitakula nyumbani."

Langoni alipokelewa na Afande Tindwa, mlinzi, mtu mchangamfu ambaye meno yake yote yalikuwa kazini.

"Karibu, fundi! Karibu sana! Kuingia hakuna masharti. Simu yako nipe mimi, itakusubiri hapa nje."

"Na kutoka, afande?"

"Kutoka ni mambo ya ndani," alisema Afande Tindwa, akamfungulia lango kwa mikono miwili.

*

Machano alimkuta mwendesha kompyuta, Bi Kazija, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amesimama wima mbele ya skrini, mikono ubavuni. Nyuma yake walisimama watumishi thelathini. Kwenye skrini palikuwa na picha ya mzee mwenye mashavu, na maandishi: Mheshimiwa Waziri wa Zamani wa Madaraja Yasiyo na Mito. Kipaza sauti cha kompyuta kilisoma wasifu wake.

"Kuna nini?" Machano alinong'ona.

"Inawaka," alijibu Bi Kazija bila kugeuza shingo. "Simama vizuri, kaka, huyu hapendi kudharauliwa."

"Imeanza lini kuwaka?"

"Saa moja na nusu. Leo tunakwenda vizuri, tuko wa kumi na saba."

Machano akaelezwa, baina ya salamu na salamu. Kompyuta ya Taifa ikiwashwa haiwezi kuanza kazi hivihivi kama kompyuta ya muuza nguo. Lazima kwanza itambue uwepo wa wakubwa, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Huanza na Kiongozi Mpendwa na wimbo wa taifa, kisha makamu wake, kisha mawaziri, manaibu, makatibu, wenyeviti wa kamati na wenyeviti wa kamati za kuchunguza kamati. Kila aliyeteuliwa aliongeza salamu yake siku ya kuapishwa, na aliyetumbuliwa hakuondolewa, kwa sababu aliyetumbuliwa leo kesho huteuliwa tena na atakuja kuuliza. Marehemu nao walibaki, kila mmoja na dakika yake ya ukimya. Jumla, mia mbili thelathini na tisa. Katikati yao palikuwa na programu tatu za kupambana na virusi, Jicho, Sikio na Pua, zilizoletwa na vyombo vitatu vya usalama. Kila asubuhi kila moja iliwashuku wenzake wawili kwamba ndio virusi, ikawakamata, ikawahoji, ikawaachia kwa kukosa ushahidi.

Salamu zilimalizika saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu. Katika dakika kumi zilizobaki Bi Kazija alichapa kibali kimoja, printa ikiwa haijanuna, kisha akaizima kompyuta kwa adabu na kuifunika kitambaa.

"Kibali kimoja kwa siku," Machano alirudia. "Na wanaosubiri ni wangapi?"

"Mia sita na kumi na mmoja. Wewe ni wa mia sita na kumi na mbili, nimeshakuandika."

"Mimi? Mimi ni fundi, Bi Kazija, sikuja na shida!"

"Na mimi nilikuja kusahihishiwa cheti cha kuzaliwa," alisema Bi Kazija. "Miaka tisa sasa. Nilipoonekana najua kusoma nikapewa kiti hiki. Namba yangu imeshaitwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa kazini, siruhusiwi kuondoka mashine ikiwa inawaka."

Machano aliwatazama wale watumishi thelathini mmoja mmoja, akaelewa kwamba nao walikuja na shida zao. Akafungua mkoba wake wa vifaa kwa haraka, maana njia aliyoiona ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ni kuiponya ile mashine kabla ya Ijumaa.

*

Mkurugenzi wa Jumba, Mheshimiwa Mapembe, alimpokea ofisini kwa hotuba. Alikuwa mtu mfupi mwenye tai ndefu, na muhuri wa kutokea aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya shati, akaupapasa kila alipotaja neno taifa.

"Ndugu Fundi. Awali ya yote, na kabla ya awali, nakukaribisha. Taifa linataka kasi. Taifa lina kiu ya kasi. Kwa hiyo safisha, ndugu yangu, safisha mpaka ing'ae! Ila usiondoe kitu."

"Mheshimiwa, kusafisha ni kuondoa."

"Hapo ndipo utaalamu wako unapohitajika."

Machano akajikaza kisabuni, akaanza na lililo jepesi. Kile kitambaa cha kufuma kilichoifunika mashine kilikuwa kimeziba matundu yote ya kupumulia, na feni ndani ilikuwa inakoroma kwa kukosa hewa. Akaomba kitolewe. Kamati ikakaa. Kitambaa, ilisema kamati, kilifumwa na shangazi yake Kiongozi Mpendwa kwa mkono wake, hivyo hakitolewi. Lakini kwa kuwa fundi amethibitisha kwamba pana joto, ateuliwe mtumishi wa kukipepea kitambaa. Akateuliwa, akaapishwa, na salamu yake ikaongezwa kwenye kompyuta. Ikawa mia mbili na arobaini.

Jumanne aliruhusiwa kutoa vumbi. Alilitoa kwa brashi na kwa pumzi, vumbi la tangu uhuru, limeshikana kama blanketi. Likapimwa, likawa gramu mia nne na sitini, likatiwa kwenye bahasha kwa kuwa ni mali ya umma. Feni ikanyamaza, mashine ikapumua, na salamu za siku ile zikamalizika dakika mbili kabla ya kawaida. Jumba zima lilipiga makofi. Mheshimiwa Mapembe akatokwa na machozi, na palepale akazitumia dakika mbili zile kumwingiza Afisa Mhifadhi wa Vumbi, wa mia mbili arobaini na moja.

Jumatano aliingia kwenye diski, akakuta imejaa pomoni. Hotuba moja ya Kiongozi Mpendwa ilikuwa imehifadhiwa mara mia tisa na kitu, neno kwa neno, tarehe tu zikitofautiana.

"Mheshimiwa, hizi ni nakala. Tubakize moja, tupate nafasi."

"Unaita nakala," alisema Mheshimiwa Mapembe kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. "Huo ni msimamo, fundi. Kiongozi wetu hayumbi."

Akaenda kwenye pipa la taka la kompyuta. Humo akawakuta mawaziri sitini na wawili.

"Basi hawa angalau. Hawa mmeshawatupa wenyewe."

"Nani kakwambia wametupwa?" Mkurugenzi aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Wamepumzishwa. Watatu katika hao wameitwa juzi, wamerudi wana vyeo kuliko mwanzo. Ungekuwa umelimwaga pipa hilo wiki iliyopita, leo wewe ungekuwa wapi? Na mimi niliyekuruhusu?"

Machano akavitazama vidole vyake, vyeusi kwa vumbi la serikali. Tangu aanze ufundi hakuwahi kushindwa na mashine. Wala hii haikumshinda. Angeiponya kwa nusu saa tu kama wangetoka chumbani wakaenda kunywa chai. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

*

Alhamisi akabadili mbinu. Aliandika karatasi fupi ya kumwakilisha mdogo wake, Haji, amwozeshe Mwanakheri kwa niaba yake, akaweka sahihi na mashahidi wawili kutoka foleni. Miaka ishirini alikuwa ameifikiria siku ile, atakavyoushika mkono wa mkwewe na kutamka maneno mwenyewe, na sasa alikuwa anayagawa kama mtu anayegawa nguo za maiti. Akaikunja karatasi, akateremka nayo langoni.

"Afande Tindwa, nisaidie hii imfikie mdogo wangu. Siombi mimi nitoke. Karatasi tu."

Afande akaisoma, na alipofika mwisho macho yalimlowa. Alikuwa mtu mwema, wala sisemi kwa kejeli.

"Hongera, fundi. Binti anaolewa! Mungu awape kheri." Akairudisha kupitia vyuma vya lango. "Sasa kibali chake kiko wapi?"

"Kibali cha nani?"

"Cha karatasi. Karatasi nayo inatoka, au vipi? Kitu chochote kinachotoka lazima kiwe na kibali."

"Kibali cha karatasi si ni karatasi pia?"

"Ndiyo maana vinachapwa viwili," alieleza Afande Tindwa kwa upole.

Machano alikaa kwenye ngazi, akalia. Watu wa foleni wakasogea wakampa nafasi, kwa sababu ngazi ile ya tatu ilijulikana, kila mmoja wao alikuwa ameilia kwa zamu yake.

*

Ijumaa asubuhi Bi Kazija alimfuata mapema, kabla ya kengele ya saa moja na nusu.

"Kaka Machano, nikuulize. Hizo salamu, ni lazima zifutwe? Haziwezi kuzimwa tu, zikabaki zilipo lakini zisijiwashe?"

"Zinaweza. Ndiyo kazi yangu ya kila siku. Unazinyima tu ruhusa ya kujiwasha, hata moja haipotei."

"Basi hujaondoa kitu. Hujavunja agizo." Akakivuta kitambaa cha shangazi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti. "Mheshimiwa huja saa mbili. Mimi nasimama mlangoni. Mwozeshe mtoto wako, ndugu yangu, na mimi nataka kuona kama nyumba yangu bado ina bati."

Machano akapiga moyo konde. Akaiwasha mashine kwa njia ya mafundi, isiyopitia salamu, akafungua orodha, akaanza juu. Kiongozi Mpendwa, zima. Makamu, zima. Mawaziri, manaibu, makatibu, marehemu. Jicho, Sikio na Pua. Akabakiza moja kati ya hizo tatu, ile aliyoiona ina akili kidogo. Mpepea kitambaa, mhifadhi vumbi, zima, zima. Kisha akaizima kompyuta yenyewe, akaiwasha tena.

Iliwaka kwa nusu dakika.

Hapakuwa na wimbo wala picha, ila skrini safi na mshale mdogo ukingoja kuambiwa la kufanya. Watumishi thelathini waliokuwa wamekwisha kusimama wima wakatazamana. Mmoja aliuliza kama ndiyo imekufa. Bi Kazija akaketi, akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza, na printa ikatema kibali kabla hajaondoa kidole. Akaandika la Machano, kikatoka. Akaendelea kufuata orodha, na ile sauti ya printa, tii-tii-trrr, ikateremka ngazi mpaka uani, watu wakaanza kukunja mikeka yao. Wengine walikumbatiana. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kuvaa viatu alivyokuwa amevitunza kwenye mfuko tangu siku aliyoingia, vikamkataa, miguu ilikuwa imepanuka.

Saa mbili kamili Mheshimiwa Mapembe aliingia, akakuta vibali arobaini mezani vinangoja muhuri. Akavitazama, akaitazama skrini. Akawaamuru watu wote watoke, akabaki na Machano.

"Nusu dakika?" aliuliza.

"Nusu dakika, Mheshimiwa. Gonga muhuri, jioni hii Jumba litakuwa tupu."

Mkurugenzi akakaa juu ya kitambaa cha shangazi bila kukiona. Ukubwa wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Fundi, unajua mimi niliingiaje humu? Nilikuja kusoma mita ya maji."

Machano akauliza, "Uliisoma?"

"Sijaifikia mpaka leo. Niliuliza iko wapi, wakanikalisha, nikawa karani, nikawa mkuu wa kitengo, mkurugenzi wa wakati ule akafariki kitini, mimi nilikuwa karibu. Humu ndani ukipita wanasimama. Nje mimi ni nani? Bwana Mita. Mbwa wa mitaa yote wananifahamu." Akaupapasa muhuri. "Unalifungua lango kwa ajili ya binti yako, nakuelewa, nami ni mzazi. Lakini umewahi kujiuliza mimi nikitoka naenda wapi?"

Machano alimwonea huruma, kweli kabisa, na kosa lake lilianzia hapo. Kwa sababu Mheshimiwa Mapembe alipoiona ile huruma alifuta macho kwa tai, akasimama, na hotuba ikamrudia.

"Lakini mimi si mtu mbaya! Nitagonga. Vyote. Ila kasi kubwa namna hii haiwezi kutumika kabla haijazinduliwa. Dakika tano tu, fundi. Na uzinduzi hauwezi kufanyika bila kumtambua Kiongozi Mpendwa. Mrudishe yeye peke yake."

Dakika mbili, Machano aliwaza. Saa mbili na robo, bado ni asubuhi. Akamrudisha Kiongozi.

"Sasa Makamu atauliza."

Akamrudisha Makamu.

"Hao mawaziri wakisikia Makamu yumo na wao hawamo, itaonekana mimi nimewabagua. Taja hata watano." Wakatajwa watano, na wa sita akawa shemeji wa yule wa tano. Manaibu wasingeachwa, kwa kuwa mawaziri hawatembei peke yao. Wazima walipokwisha, ikaonekana ni aibu kuwasahau marehemu siku ya furaha. Kila mara muhuri ulitoka ndani ya shati, ukaning'inia juu ya kibali cha Machano, ukarudi. "Mmoja tu, fundi, kisha nagonga." Na Machano, kwa mkono wake mwenyewe, ule wa kumwozeshea mtoto, aliwawasha mmoja mmoja, huku akijiambia kwamba aliyebaki ni huyu tu.

Saa nne walikuwa wamerudi wote mia mbili arobaini na mmoja. Akaongezwa Mheshimiwa Mapembe, Baba wa Kasi. Na wa mwisho, kama shukrani ya taifa, akaongezwa Mheshimiwa Fundi Machano Shaali, akapigwa picha palepale na vumbi lake usoni. Mkurugenzi akampangia nafasi ya juu sana, ya tisini na mbili, baada ya marehemu Katibu wa Mabwawa.

"Zima, uwashe," alisema. "Nitagonga mwisho wa itifaki."

Wimbo wa taifa ulipofika ubeti wa tatu ndipo Machano alipopiga hesabu. Salamu mia mbili arobaini na tatu, dakika mbili kila moja, kuanzia saa nne. Zingekwisha jioni ya saa kumi na mbili. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu, na kompyuta huzimwa.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "mwisho wa itifaki hautafika."

"Shh," alisema Baba wa Kasi, mikono ubavuni. "Ni Kiongozi huyu."

*

Watu wote waliitwa waje kusimama kwa ajili ya uzinduzi, kutoka ghorofani mpaka uani, na wakati wa itifaki mtu haondoki alipo. Machano alisimama karibu na dirisha linalotazama lango. Adhana ikasikika kutoka mjini. Baadaye, kimya cha watu walio kwenye swala. Kwenye skrini walikuwa wanapita makatibu. Aliwaza kanzu yake nyuma ya mlango, na pasi iliyopigwa Jumatatu, sasa imeshaanza kulegea.

Ndipo alipowaona. Walikuwa wanakuja kwa miguu barabarani, mbele shekhe na kitabu chake kwapani, kisha bwana harusi, kijana mrefu mwenye koti lililomzidi mabega, kisha Haji na wazee wawili wa ukoo, na katikati ya akina mama watano, amejitanda nguo ya harusi, miguu na mikono imepakwa hina, Mwanakheri. Mkononi amebeba kanzu iliyokunjwa. Baba hakuja kwenye ndoa, basi ndoa ilikuwa imeamua kumfuata baba.

Kwa dakika moja moyo wa Machano ulijaa furaha tupu. Kisha akaelewa walikuwa wanafika wapi, akapiga kelele.

"Mwanakheri! Usiingie! Rudi! Rudini nyumbani!"

Lakini wakati uleule skrini ilibadilika, ikaja ya tisini na mbili, sura yake mwenyewe, kubwa, na vumbi lake, na kipaza sauti cha kompyuta kikatangaza jina lake kwa vyeo vyake vyote. Jumba zima likageuka kumtazama na kupiga makofi. Walipiga kutoka ghorofani mpaka uani, Bi Kazija naye akipiga huku machozi yanamtoka, na Mheshimiwa Mapembe akipiga mikono juu ya kichwa. Katika makofi yale Machano hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Akapunga mikono yote miwili dirishani, fukuza, fukuza.

Mwanakheri akainua uso. Akamwona baba yake, siku tano hajamwona, anapunga mikono kwa nguvu zake zote na watu wanamshangilia. Akacheka. Akapunga na yeye, akaiinua ile kanzu juu aione, akaishika nguo yake isiguse vumbi, akaharakisha.

Afande Tindwa alikuwa ameshafungua lango kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana, bibi harusi! Piteni nyote. Kuingia hakuna masharti."